Mjadala: Mfanyakazi wa Dar, Chuo Kikuu Huria au madarasa ya jioni?

Mwanzisha mada: Wakuu, shemeji yangu ni wa Bujumbura, yuko Kariakoo kwenye duka la vifaa vya umeme, anatoka saa 12 jioni. Anataka digrii ya biashara. Kila anayemuuliza anamwambia nenda Chuo Kikuu Huria, ada nafuu, huhudhurii kila siku. Kwamba chuo kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, sibishi. Ninachobisha ni kuuziwa unafuu kana kwamba ada ndiyo gharama yote. Digrii ya miaka mitatu ukiivuta ikawa sita, kipi kilikuwa nafuu, hiyo au madarasa ya jioni? Kabla hajalipa hata senti, aongee na waliomaliza. Anayesoma mwaka wa kwanza atakusifia tu.

Mkazi wa Mbagala: Mkuu, wewe hujawahi kugombea daladala usiku na begi la madaftari. Kipindi kinaisha saa 2, ukifika nyumbani ni saa 4, alfajiri saa 11 uko kituoni tena. Nimesoma jioni muhula mmoja nikaacha. Huria unasoma Jumapili watoto wakilala. Huko kuchelewa mnakokusema ni uvivu wa mtu, si chuo.

Mwanzisha mada: Uvivu? Umesahau shemeji alisoma kwa Kifaransa mpaka sekondari. Vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza. Umpe moduli ya uhasibu aisome peke yake usiku, akikwama amuulize nani? Darasani angalau atamgeukia wa pembeni, tena kwa Kiswahili, maana hicho keshakijua vizuri sana dukani.

Dada wa udahili (mstaafu): Nyie mnabishania ratiba na mtu hajadahiliwa. Cheti chake cha sekondari cha nje kinahitaji ulinganifu, yaani karatasi ya kukilinganisha na cheti cha hapa, kutoka NECTA (Baraza la Mitihani). Aanze hapo, maana bila hiyo karatasi foleni yote ni bure. (TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni kwa wenye digrii za nje, msimpeleke huko.) Pili, asome safu ya ada ya wageni. Vyuo vingine huiweka peke yake, na ile "nafuu" mnayoisifia huenda ni ya Mtanzania. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asiuhesabu, ni wa raia. Na Uhamiaji awaulize kama kibali chake cha kuishi nchini kinamruhusu kusoma.

Mkazi wa Mbagala: Hapo kwa Kiingereza nimekubali nusu. Lakini hata darasa la jioni halikufundishi Kiingereza, mkuu. Atafute kwanza kozi ya lugha, miezi michache, ndipo achague.

Mwanzisha mada: Sawa, NECTA tunaenda wiki hii. Mwenye ada ya wageni ya biashara ya mwaka huu, ya Huria au ya chuo chenye jioni hapa mjini, aiweke hapa. Na aseme inalipwa kwa awamu ngapi, maana mshahara wa dukani haulipi mwaka mzima kwa mkupuo.