Naomba ushauri: nimebaki na mtoto peke yangu Uholanzi, karatasi zinanikwamisha

Wakuu, habari zenu. Naishi Uholanzi, nafanya kazi ghala la maua Aalsmeer. Mama wa binti yangu alimleta "kwa wikendi tu", akaondoka nchini, na simu hapokei. Kwenye begi kulikuwa na nguo za kiangazi na mwanasesere asiye na jicho, basi. Sasa mimi ndiye baba, mimi ndiye mama.

Kinachonikwamisha zaidi ni sheria. Hatukufunga ndoa. Nilimtambua mtoto kisheria kuwa wangu manispaa alipozaliwa 2021, lakini sheria inayompa baba mamlaka ya mzazi papo hapo anapomtambua mtoto ilianza 1 Januari 2023, na haiwagusi waliotambuliwa kabla ya hapo. Kwa hiyo hata pasipoti siwezi kumwombea bila saini ya mama yake. Juridisch Loket (ofisi ya ushauri wa sheria, ushauri wao ni bure) wameniambia nitafute wakili, twende mahakamani. Kuna aliyepita njia hii huku mama hapatikani? Ilichukua muda gani?

La pili ni zamu. Naingia saa kumi alfajiri, shule bado sana. Jirani yangu, mama wa Kimoroko, ananishikia mtoto, Mungu ambariki, lakini mpaka lini? Mliobadilishiwa zamu mliongeaje na bosi?

Na dada zangu, nywele! Nampaka mafuta ya nazi, naanza kuchana nchani, bado analia. Msuko gani rahisi unakaa wiki nzima? Msiniambie nimnyoe, ameshakataa.