Naomba ushauri: kibali cha winga Mkenya kwenye Football Manager

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko Kisumu, nacheza Football Manager 2024, mchezo wa kompyuta wa kuendesha klabu ya soka, na hapa nimekwama.

Nafundisha klabu ya Championship, daraja la pili la Uingereza. Nimeona winga Mkenya wa miaka 20 anayecheza Sweden, mbio kama pikipiki ya Kondele, na bei yake naimudu. Shida ni kibali cha kazi. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mchezaji wa nje anahitaji alama 15, zinazotokana na mechi za taifa, dakika za klabu na ubora wa ligi anayotoka. Harambee Stars haimo kwenye 50 bora za FIFA, kwa hivyo kuitwa kwake timu ya taifa hakumwongezei kitu. Inauma, lakini ndiyo hali.

Nilimwacha msimu mzima nikitumaini dakika zingembeba. Ameanza karibu kila mechi, bado alama hazitoshi.

Kuna zile nafasi maalumu za wasiofikisha alama, hadi nne kwa klabu za daraja langu, nami nimebakiwa na moja tu. Njia nyingine ni ile ya klabu ya Brighton na winga Mjapani Mitoma mwaka 2021: kumnunua, kisha kumkopesha Ubelgiji hadi apate kibali.

Sasa naomba mnisaidie:

Je, nimpe hiyo nafasi ya mwisho au nimkopeshe? Na nikimkopesha, ni ligi gani inayopandisha alama haraka bila kijana kukalia benchi?

Kuna klabu ya Uholanzi inamnyemelea, na dirisha la usajili li karibu kufungwa.