Naomba ushauri: naombaje wakati maneno hayatoki?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mnishike mkono katika hili.

Mume wangu anaumwa kwa muda mrefu, na kazi yangu imesimama. Sijaacha kumwamini Mungu, ila nikipiga magoti usiku maneno hayaji; nabaki nimeshika ukingo wa kitanda, nikisikiliza anavyopumua. Nimefunga, nimeomba na wenzangu. Wananisomea Warumi 5, kwamba dhiki huleta saburi na mwisho wake ni tumaini. Naliamini neno hilo, lakini mimi bado niko kwenye dhiki. Kinachonishikilia ni Zaburi ya 13: mtunzi anamlalamikia Mungu "hata lini" kwanza, ndipo anafika kwenye kutumaini. Ile ya 88 haifiki huko, inaishia gizani, na bado imo kwenye Maandiko. Hilo limenitia nguvu kuliko mahubiri mengi.

Mliopita kwenye magumu ya muda mrefu, mliombaje siku ambazo hamkuwa na neno? Na mume wangu akiniuliza kama Mungu bado anatusikia, nimjibuje bila kumwahidi uponyaji ambao mimi sijaahidiwa?