Mrejesho: alama ya & ndani ya anwani za wavuti

Ndugu zangu mlionijibu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini mtu wa hapa Lindi akitafuta "korosho & ufuta" kwenye tovuti ya chama chetu, seva hupokea neno korosho peke yake. Chanzo ni kile mlichokitaja: alama ya & hutenganisha vigezo (vipande vya taarifa vinavyotumwa kwa seva) ndani ya anwani, hivyo yote yanayoifuata huhesabiwa kuwa kigezo kingine. Sasa kila thamani, yaani neno lililoandikwa na mtafutaji, inasimbwa (alama zake maalumu hugeuzwa kuwa misimbo inayoanza na %) peke yake kwa encodeURIComponent, amri ya JavaScript, kabla ya kuunganishwa na anwani, ili & iwe %26 na nafasi iwe %20; amri nyingine, encodeURI, haifai kwa kazi hii, kwa kuwa huiacha & kama ilivyo.

Jambo ambalo halikutajwa ni majina kama Ng'apa. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 (mfumo wa kuwakilisha herufi kwenye kompyuta) husimbwa %E2%80%99, ilhali msimbo wa ile iliyonyooka ni %27, na kwa hifadhidata, hizo ni alama mbili tofauti kabisa, hata usimbaji ukiwa sahihi. Nimeona heri kuzinyoosha zote kabla ya kusimba. Ushauri wa kusimba tena upande wa seva nimeuacha, kwani alama ya % nayo ingesimbwa kuwa %25, na %20 ingegeuka kuwa %2520.