Wakuu naomba ushauri: Kijapani cha mezani kinaniumbua

Mchungwani: Habari za saa hizi wakuu. Niko Nagoya masomoni, mwezi wa tatu sasa. Kijapani cha darasani najikongoja nacho, mezani ndiyo balaa. Jumapili jirani yangu, mama mtu mzima, alinialika kwake. Bakuli la wali lilipoisha akauliza, "Okawari wa?" Nikaelewa ananiuliza kama aniongeze. Kwa furaha nikajibu, "Daijoubu desu," yaani sawa, ongeza. Akatabasamu, akabeba bakuli hadi kwenye sinki. Saa nne usiku nachemsha tambi za pakiti hosteli. Nilikosea wapi? Jumapili hii nimealikwa tena.

Fundi Saa: Hahaha, pole mkuu. Hilo neno limetulaza njaa wengi. "Daijoubu" ni "sina shida", na ukiulizwa kama unataka kitu, sina shida maana yake sihitaji. "Kekkou desu" mtego uleule: kamusi itakwambia ni "vizuri", mezani ni "imetosha". Ukitaka kuongezewa, mpe bakuli kwa mikono miwili, sema "Okawari onegaishimasu". Ukishiba kweli, "Onaka ippai desu", tumbo limejaa.

Bi Shangazi: Mwanangu, kabla hujagusa chakula unganisha viganja useme "itadakimasu". Ile u ya mwisho imeze, wao husikika "itadakimas". Maana yake "napokea", lakini kwa unyenyekevu. Mimi naliweka pale pale ninapoweka bismillahi, ingawa halimtaji Mungu. Ila si neno la kukaribisha! Nilimwambia mgeni wangu "itadakimasu" nikidhani ndiyo "karibu chakula", akabaki kunikodolea macho. Mwenyeji husema "Douzo, meshiagatte kudasai". Ukimaliza, "Gochisousama deshita". Humo ndani mna "chisou", asili yake kukimbia huku na huko: unamshukuru aliyehangaika mpaka chakula kikafika mezani. Hata mgahawani, ukitoka, waambie.

Mchungwani: Asante sana shangazi. Na "nina njaa"? Nasikia wenzangu wakisema "onaka suita", mbona kama wakati uliopita?

Fundi Saa: Chukulia kama "nimechoka" yetu. Tumbo limeshakuwa tupu, ndiyo hali uliyonayo. Hiyo ni ya wana hosteli. Usimwambie mama wa watu ukiwa bado unavua viatu mlangoni. Na chakula kikiwa kitamu sema "oishii". "Umai" waachie vijana wenzako.

Kijiti Kimoja: Nyongeza: vijiti vya kulia usivisimike kwenye wali, hivyo ndivyo wanavyofanya kwenye wali wa marehemu. Mimi nilivisimika kantini, mzee wa meza ya pili akaja akavichomoa, akavilaza, akarudi kukaa. Hakusema neno.

Mchungwani: Mrejesho wakuu. Okawari mara mbili! Ya tatu nikasema "Onaka ippai desu". Akacheka, akanifungia onigiri (matonge ya wali) mbili za njiani. Moja nimeshaila kwenye ngazi.