Naomba ushauri: draiva ya LED (saketi ya kudhibiti mkondo wa umeme) kwa taa ya baiskeli

Wakuu, habari zenu. Naunda taa ya mbele ya baiskeli: LED moja ya Cree XM-L2 juu ya kipande cha alumini, betri moja ya 18650 (ya lithiamu, ya duara, ya kuchaji). Nalenga ampea 1. Nimejaribu resista ya ohmu 1: betri ikiwa volti 4.2 inapita kama ampea 1.1, ikishuka hadi 3.4 inabaki 0.5 hivi, na mashimo ya barabarani hayaonekani mapema. Kwa mwendo wa usiku hiyo ni hatari.

Sasa nafikiria AMC7135 (chipu ndogo ya kushikilia mkondo usibadilike) tatu sambamba, kila moja miliampea 350. Betri ikijaa, zitapoteza takriban wati 1 kama joto. Je, shaba ya bodi ya saketi itatosha kuzipoza ndani ya kasha lililozibwa maji yasiingie, au bora betri mbili kwa mfululizo na draiva ya kushusha volti? Nikichukua hiyo ya pili, koili yake niishikize na nini ising'oke kwa mtikisiko?