Open Rails: majengo hayaonekani, reli imekatika, barabara zinamemeteka

MkunguniLamu

Assalamu alaykum wadau. Natumia Open Rails 1.5, mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta, kwenye Windows 10, RAM ya GB 8, laptopu yenye kadi mbili za picha, ya Intel na ya NVIDIA. Nimeshusha njia moja ya bure (yaani reli pamoja na mandhari yake) iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya Microsoft Train Simulator, mchezo wa treni wa 2001. Nimefungua zip, njia imetokea kwenye menyu na treni inaondoka vizuri. Shida ni mandhari.

Stesheni ya kwanza ina jukwaa lakini haina jengo. Mbele kidogo reli inapotea kama mita 200, treni inapita hewani, kisha reli inarudi. Nikichagua majira ya baridi pamoja na theluji, ardhi inakuwa nyeupe lakini miti imebaki kijani kama miembe ya Mpeketoni. Na barabara za mbali zinatokea na kupotea kila kamera ikisogea.

Nimeshapandisha umbali wa kuona kutoka mita 2000 hadi 5000, na wingi wa vitu nimeuvuta hadi mwisho. Hakuna jengo lililorudi, na sasa mchezo unakwama-kwama. Nifute nianze upya?

Fundi_Maweni

Wa alaykum salaam ndugu. Usifute. Rudisha mita 2000 kwanza, maana umeongeza tatizo la tano juu ya manne.

Kitu kisichoonekana kabisa, mara nyingi faili lake halipo. Kitu kilichopo lakini kimevaa rangi isiyo yake, tatizo liko kwenye teksicha, yaani ile picha inayovalishwa umbo, au kwenye faili dogo linalosema teksicha gani ivaliwe majira gani. Kinachomemeteka kina faili zake zote, ila kadi inashindwa kuamua kipi kiko mbele ya kipi. Haya matatu hayana dawa moja, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuvuta vitelezi vya mipangilio.

Open Rails haifi ikikosa faili. Inaandika onyo na kuendelea na safari. Onyo hilo liko kwenye OpenRailsLog.txt, ndiyo logi, na usipobadilisha mahali pake utalikuta kwenye desktopu. Endesha treni hadi uipite ile sehemu ya reli iliyokatika, ndipo utoke. Ramani hupakiwa vipande vipande vya mraba wa mita 2048, kwa hiyo ukitoka stesheni ya kwanza logi haitakuambia chochote kuhusu kipande ambacho hujakifikia. Na usiwashe tena kabla ya kuisoma, kwa sababu safari mpya inafuta logi ya zamani.

Tafuta majina yanayoishia na .s (maumbo) na .ace (teksicha), kisha tazama yanatajwa kwenye folda ipi. Jina la folda ndilo jibu. Tuletee.

MkunguniLamu

Shukran maalim. Nimesoma. Maonyo ni mengi mno: yaliyo mengi ni ya .s ndani ya SHAPES ya njia yenyewe, na machache ni ya GLOBAL\SHAPES. Kuna faili la installme.bat nililibofya mara mbili, dirisha jeusi likafunguka na kufunga papo hapo, nikajua limemaliza kazi. Kila kitu kiko C:\Program Files.

Fundi_Maweni

Hapo hapo. Waundaji wa njia za zamani hawakupakia kila kitu kwenye zip. Vitu vilivyokuwa tayari ndani ya mchezo asili wa 2001 waliviacha, wakaandika installme.bat ivikopi kutoka kwenye njia sita zilizokuja na mchezo: EUROPE1, EUROPE2, JAPAN1, JAPAN2, USA1 na USA2. Kama njia hizo hazimo kwenye folda yako ya ROUTES, au zimo lakini umebadilisha majina ya folda, bat inakosa pa kukopi, inalalamika sekunde moja na kujifunga. Jukwaa umeliona kwa sababu muundaji alilichora mwenyewe. Jengo alilikopa.

Kisha kuna Program Files. Windows haipendi programu za zamani ziandike humo. Ama inakataa, ama inayaelekeza mafaili kwingine na kuyatupa kwenye AppData\Local\VirtualStore bila kukuambia. Hamisha folda nzima yenye GLOBAL, ROUTES, SOUND na TRAINS hadi mahali kama C:\MSTS, halafu kwenye menyu ya Open Rails fungua mipangilio, kichupo cha Content, uongeze mahali hapo papya.

Sasa bat. Usiibofye. Fungua folda ya njia, bofya pale juu penye anwani ya folda, andika cmd, piga Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo. Andika installme.bat. Safari hii dirisha halifungi, na kila faili lililokosekana utalisoma kwa jina. Ikikuuliza kama ibadilishe faili lililopo, jibu hapana, kwa sababu huenda muundaji ameshaweka toleo lake alilolirekebisha.

Kama mchezo asili huna kabisa, bat haitakufaa kitu. Tafuta njia ambayo maelezo yake yanasema imejitosheleza, haihitaji mafaili ya njia za asili.

Bandari_Kizingitini

Naongeza kuhusu reli, maana Fundi ameiruka. Maonyo ya GLOBAL\SHAPES ndiyo ile reli yako ya hewani. Njia nyingi zimetandikwa kwa vipande vya XTracks, ambavyo havikuja na mchezo asili. Unahitaji vitu viwili pamoja: maumbo ya XTracks ndani ya GLOBAL\SHAPES, na tsection.dat mpya ndani ya GLOBAL. Hiyo tsection.dat ni daftari linaloeleza kila kipande kina urefu gani na kinapinda kwa nyuzi ngapi. Treni hufuata daftari na hifadhidata ya reli, haifuati umbo, ndiyo maana ilipita hewani bila kuanguka.

Kosa linalorudiwa: mtu anashusha njia ya miaka ya nyuma yenye tsection.dat yake ya GLOBAL ndani ya zip, anaikopi juu ya mpya. Njia moja inapona, tatu zinaharibika. Matoleo ya kawaida ya daftari hili huongezewa vipande, kwa hiyo jipya linazihudumia na njia za zamani. Weka jipya, la zamani liache. Ile tsection.dat iliyo ndani ya folda ya njia yenyewe ni nyingine, usiiguse.

(Sisi wa Lamu reli tunaichungulia kwenye kioo tu, basi angalau kioo kiwe kizima.)

DadaShela

Miti ya kijani kwenye theluji: tazama faili la .sd (lile dogo alilolitaja Fundi) lenye jina sawa na umbo la mti. Open Rails inakubali umbo lisilo na .sd, lakini ikilikosa inachukulia kwamba mti huo hauna nguo za majira, unavaa ile ile mwaka mzima. Ndani yake kuna mstari kama huu:

ESD_Alternative_Texture ( 252 )

Namba ni jumla. Theluji ya kawaida ni 1, usiku ni 256. Majira yenyewe na theluji zake ni 4, 8, 16, 32, 64 na 128, jumla 252, ndiyo utaikuta kwenye miti mingi. Nyumba yenye taa za usiku na paa la theluji ni 257. Ukikuta 0, umeshajua sababu.

Kabla hujaandika 252 hakikisha nguo zipo: ndani ya TEXTURES kuwe na folda za Spring, Autumn, Winter, SpringSnow, AutumnSnow na WinterSnow, na kila moja iwe na .ace ya mti huo kwa jina lile lile.  Ikikosekana, mti utabaki wa kijani siku hiyo.

Hariri kwa Notepad na uhifadhi kwa usimbaji wa UTF-16 LE. Mafaili haya yaliandikwa hivyo tangu mwanzo, na kihariri kinachoyageuza kimyakimya huwatesa watu wengi.

MkunguniLamu

Mashallah. Majengo yamerudi, reli imeungana, miti imevaa theluji. Barabara za mbali bado. Na kwa kuwa mafaili sasa yapo yote, siwezi kupandisha hadi 5000?

Bandari_Kizingitini

Pandisha tu, milima inapendeza.

Fundi_Maweni

Hapana, hesabu kwanza. Kwa mita 2000 unapakia kipande ulichopo na kimoja kila upande, jumla 9. Kwa 5000 unahitaji vitatu kila upande, yaani 7 mara 7, vipande 49. RAM ya GB 8 itahema. Tena njia za enzi hizo zilipambwa kwa jicho la kilomita mbili. Ukitazama mbali zaidi unaona uwanda mtupu na ukingo wa dunia. Kama ni milima, washa chaguo la milima ya mbali, ikiwa njia ina folda ya LO_TILES. Hiyo huchorwa peke yake na haina gharama kubwa.

Barabara inamemeteka kwa sababu imelazwa sawasawa na ardhi. Kadi hupima kina kwa usahihi mkubwa karibu na kamera na mdogo mbali, kwa hiyo nyuso mbili zenye kimo kimoja zinapokezana. Fungua njia kwenye TSRE, programu ya kuhariri njia, iinue barabara mita 0.03 hadi 0.05. Ikizidi hapo magari yataonekana yamezama.

Kukwama-kwama: Windows huenda inaipa Open Rails kadi ya Intel. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya grafiki, uchague kadi yenye nguvu kwa ajili ya RunActivity.exe, ambayo ndiyo mchezo wenyewe. Usichague OpenRails.exe, hiyo inafungua menyu tu. Ukiwa ndani ya mchezo bonyeza F5 uone fremu kwa sekunde na kumbukumbu inayotumika. Shift+F5 inageuza kurasa. Fremu zikiwa nzuri dakika kumi za mwanzo kisha zikashuka, na huku joto la kaskazi unalijua, ni laptopu imechemka. Inua nyuma yake ipate hewa kabla hujagusa mpangilio mwingine wowote.

MkunguniLamu

Ilikuwa Intel kweli. Nimeihamisha RunActivity.exe, nimebaki na 2000. Barabara nne nimeziinua kwa 0.04, zimetulia. Bado sita.